Mkazo au Torki? Uhakiki wa Istilahi za Karatasi Moja ya Maelekezo

Yako maandishi ya Kiswahili ambayo hayapiti mikononi mwa mhariri wala hayawekwi katika maktaba, na hata hivyo humfikia msomaji saa ile ile anapoyahitaji ili atende jambo. Hayo ni maelekezo yanayofungwa pamoja na zana. Si desturi ya wahakiki kuyashughulikia, maana hayana mwandishi wa kusifiwa wala wa kulaumiwa. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni istilahi, karatasi ya namna hiyo yaweza kufundisha zaidi kuliko orodha ndefu ya maneno yaliyosanifiwa, kwa kuwa ndani yake istilahi huondoka mezani na kwenda kukaza nati.

Karatasi tunayoihakiki hapa ilitoka ndani ya kasha la spana iliyonunuliwa katika duka moja la zana huko Kariakoo, Dar es Salaam. Haina jina la mfasiri, na kila dalili yaonyesha kwamba imefasiriwa kwa mashine kisha ikapitiwa kwa haraka na mtu asiyepata kushika spana. Kichwa chake ni “Jinsi ya Kuchagua Ufunguo wa Nguvu kwa Matengenezo ya Gari Nyumbani”. Msomaji anayekusudiwa, basi, si fundi wa gereji. Ni mwenye gari ambaye siku ya Jumapili hubadilisha mwenyewe oili, plagi na magurudumu, na ambaye hana mwalimu karibu yake isipokuwa karatasi hiyo. Kwa sababu hiyo tumeona kwamba kosa la istilahi lililomo haliwezi kupuuzwa kwa kusema tu kuwa “maana inaeleweka”.

Kwanza tueleze chombo chenyewe. Ni spana ambayo hukaza bolti au nati na papo hapo huonyesha, au hutoa ishara, kwamba kile kiasi cha kuzungusha kilichokusudiwa kimefikiwa. Historia humtaja Conrad Bahr, mfanyakazi wa Idara ya Maji ya jiji la New York, kuwa ndiye aliyeibuni mnamo 1918, ili bolti za mabomba makuu zisikazwe kupita kiasi. Leo haja yake kubwa iko katika magari. Nati za magurudumu ya Toyota Corolla nyingi hutakiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 103. Mkono ukisukuma mwisho wa mpini wa sentimita 30 kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 35, kiasi hicho hutimia. Lakini mtu wa kilo 70 akichomeka bomba la mita 1 katika spana na kusimama mwishoni mwa bomba hilo, kama tuonavyo mara kwa mara kando ya barabara, hutia karibu nyutoni-mita 690. Nati haitalalamika siku hiyo. Bolti iliyovutwa kupita uwezo wake huweza kukatika baadaye, gari likiwa katika mwendo. Na nati zilizokazwa bila kulingana huweza kupindisha diski ya breki. Iliyolegea nayo hujifungua yenyewe kwa mtikisiko.

Sasa tuitazame lugha. Neno “ufunguo” halihitaji maneno mengi. Wajerumani na Wafaransa hutumia neno moja kwa ufunguo wa mlango na kwa spana, na bila shaka mashine iliyofasiri ilikuwa na kazi yao mbele yake. Mswahili alikwisha kutenga vitu hivi viwili zamani: ufunguo hufungua kitasa, spana hufungua nati. Gereji zetu zina spana ya ringi, spana ya soketi, na hata spana malaya, yaani ile ambayo kinywa chake hupanuliwa na kubanwa ili ikubali nati ya ukubwa wowote. (Jina hili wasanifishaji wameliona aibu. Fundi, hata hivyo, hulitamka mbele ya mteja bila kusita, na kila mteja huelewa mara moja spana hiyo hufanya nini. Ni istilahi chache za kamati zinazoweza kujivunia sifa hiyo.) Kumwambia mtu huyu kwamba amenunua “ufunguo” ni kumnyang'anya neno alilo nalo.

Katika ukurasa wa pili karatasi inasema kwamba kila nati ina “wakati wake wa mzunguko”. Hapa mfasiri alikutana na neno la Kizungu ambalo katika mazungumzo ya kila siku ni punde au wakati, na katika fizikia ni zao la kani na urefu wa mkono unaozungusha. Akachagua wakati. Msomaji atadhani kwamba nati ina dakika zake za kukazwa. Kosa hili linachekesha, na kwa kuwa linachekesha halina madhara makubwa, maana msomaji ataliruka.

Madhara yapo katika neno lisilochekesha. Neno hilo ni “mkazo”.

Karatasi hutumia “mkazo” mara nyingi, na kwa mtazamo wa kwanza hakuna neno lililo la asili na zuri kuliko hilo. Nati hukazwa, kwa hiyo ina mkazo. Spana hupima, kwa hiyo ni spana ya mkazo. Wengi wetu katika kikao cha istilahi tungelipitisha kabla ya chai. Lakini katika bolti moja inayokazwa yapo mambo mawili, si moja. La kwanza ni lile litendwalo na mkono: kuzungusha kwa kiasi fulani cha nguvu katika umbali fulani kutoka kati ya nati. Hilo ndilo spana inalolipima. La pili ni lile linalotokea ndani ya bolti: inavutika kidogo sana, kama mpira mgumu, na kwa kutaka kurudi katika urefu wake inabana vitu viwili pamoja. Hilo ndilo tunalolitaka, na spana hailipimi hata kidogo. Baina ya mambo haya mawili umekaa msuguano, nao ni mlaji mkubwa. Kwa makisio yanayotumiwa na wahandisi, katika kila sehemu 100 za juhudi ya kuzungusha, kadiri ya 50 hupotea chini ya kichwa cha bolti au nati, na 40 hivi hupotea katika hesi, yaani ile mikato ya parafujo ambayo mafundi huiita nyuzi. Zinazobaki kuivuta bolti ni 10 tu.

Hesabu hii yaonyesha kwa nini neno moja halitoshi. Msuguano ukipungua kidogo, kwa mfano hesi zikipakwa oili, sehemu inayoivuta bolti huongezeka sana, ingawa mkono umezungusha kwa kiasi kile kile na spana imeonyesha tarakimu ile ile. Kwa hiyo vitabu vya ufundi husema kama viwango vyake ni vya hesi kavu au zilizopakwa kitu, na aliyepaka oili pasipo kuelekezwa hivyo hutakiwa apunguze juhudi ya kuzungusha. Karatasi yetu inalieleza onyo hilo kwa sentensi hii:

“Nyuzi zikiwa na mafuta, mkazo hupungua.”

Tumeiweka peke yake ili msomaji aipime. Yamkini katika lugha ya asili sentensi iliagiza kwamba kiasi cha kuzungusha kipunguzwe. Kwa Kiswahili sanifu na fasaha, ambacho hakina kosa hata moja la sarufi, sasa inasema kwamba mafuta huifanya nati ilegee. Je, mwenye gari aliyeisoma atafanya nini? Atafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya akiambiwa kwamba nati yake italegea: ataongeza. Ameelekezwa kwenda kaskazini na ameondoka kwenda kusini, na hana sababu ya kujilaumu. Kosa si lake, wala si la mashine peke yake. Tumempa neno moja kwa vitu viwili ambavyo, mafuta yanapoingia, huenda pande mbili zinazopingana: juhudi ya kuzungusha inatakiwa ishuke kwa sababu mvuto wa bolti umepanda.

Kuna jambo jingine linalolifanya “mkazo” lisifae kwa kazi hii, nalo linatoka katika tabia ya kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili, kukaza ni sifa njema. Tunamhimiza mtu akaze mwendo, akaze kamba, akaze buti. Hakuna anayeambiwa kwamba amekaza buti mno. Kitenzi hiki hakina kikomo ndani yake. Anayesema “kaza” huwa anaomba zaidi. Chombo hiki, kwa upande wake, kimebuniwa kwa ajili ya kikomo, na ni vigumu kufundisha kiasi kwa neno ambalo wasemaji wamelizoea kuwa ni wito wa kuongeza. Sisitusi kwamba “mkazo” litupwe. Kinyume chake, tunapendekeza libaki kuwa jina la lile jambo la pili, yaani hali ya bolti iliyovutika na kubana. Wanaisimu wanalitumia kwa silabi, lakini silabi na bolti hazikutani katika sentensi moja ila katika makala kama haya.

Lile jambo la kwanza ndilo linalohitaji jina. Njia ya kubuni kutokana na mizizi ya Kibantu imejaa watu. “Msongo” lingefaa kwa umbo, maana kusonga na kusongoa yako jirani, lakini limekwisha kuchukuliwa na umeme, na waya wa msongo mkubwa ni habari nyingine kabisa. “Msokoto” huleta picha ya kamba au ya tumbaku, na katika ufundi lingefaa zaidi kwa kitu kilichopotoka kuliko kwa juhudi ya kukizungusha. Mtu aweza kuunganisha “kani”, ambalo tayari ni jina la nguvu katika fizikia, na “zungusha”, akapata “kanizungushi”. Kimantiki hatuna la kulipinga. Lakini tumjaribie fundi aliyelala chini ya gari, mwenye oili hadi viwikoni: atamwitia mwanafunzi wake “niletee spana ya kanizungushi”? Istilahi isiyoweza kupigiwa kelele ndani ya gereji itaishi katika kitabu tu, na kitabu hicho hakitakuwa gereji.

Mafundi wenyewe wamekwisha kuchagua. Wanasema “toki”, na baadhi yao “torki”. Umbo la kwanza ndilo linalofuata zaidi mazoea ya lugha, kama breki, jeki na cheki. Tatizo lake ni kwamba “toki” ni neno la kale lenye maana ya tangu, na kwa maandishi “spana ya toki 1990” yaweza kuwa spana kuukuu. Kwa hiyo tunapendelea “torki” katika maandishi. Mkutano wa konsonanti mbili utamsumbua msemaji kidogo tu, maana “sarkasi” imekwisha kumzoeza. Chombo kitaitwa spana ya torki, na katika sentensi ile iliyotuudhi maneno mawili yatafanya kazi mbili: hesi zikiwa na mafuta, mkazo huzidi, kwa hiyo punguza torki. Maneno 10 tu, na bolti imesalimika.

Wapo watakaosema kwamba tumekimbilia mkopo kwa uvivu. Baraza lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, shauku ya kutafuta neno la nyumbani kwanza ilikuwa na sababu zake njema, na bado inazo. Lakini neno la nyumbani si lazima liwe na mzizi wa Kibantu. Neno ambalo limelala gerejini miaka mingi, likapata matamshi yetu na vitenzi vyetu, limekwisha kuwa la nyumbani. Kazi ya mwanaistilahi hapo ni kulisahihisha tahajia na kulipa mpaka wa maana, si kulifukuza.

Tofauti ni kubwa kwa neno jingine la karatasi hii, ambalo ni la nyumbani na bado limekosewa. Msomaji anaagizwa hivi: “Zungusha mpaka ufunguo ubofye.” Kubofya limekuwa neno la kompyuta, na maana yake ni kugandamiza kwa kidole. Spana haibofyi. Mwenye gari atatafuta kitufe cha kubonyeza, na wakati akikitafuta mkono wake utakuwa umekwisha kupita kipimo, kwa sababu ishara inayokusudiwa ni mlio mfupi, “ta”, pamoja na mtikiso mdogo unaosikika mpinini. Kiswahili kina kitenzi cha mlio huo, nacho ni kualika, kama vile vidole vinavyoalika vikivutwa. Wenye kupenda mzaha watasema kwamba spana imemwalika fundi chakulani. Na waseme. Muktadha utawatenganisha, na aina hii ya spana itakuwa na jina lililo wazi: spana ya kualika, mbali na spana ya mshale na spana ya saa, ambazo huonyesha kipimo kwa macho. Karatasi haikueleza, jambo ambalo lingemfaa mnunuzi, kwamba spana ya kualika inaporudishwa kashani hupunguzwa hadi kipimo chake cha chini kabisa ili springi iliyomo isichoke, na kwamba haitumiwi kufungulia nati iliyoganda.

Mintarafu ya uchaguzi wenyewe, ambao ndio kichwa cha habari, karatasi inamwambia mnunuzi atafute spana yenye “usahihi wa asilimia 4”. Kwa Kiswahili chochote tunachokifahamu, chombo chenye usahihi wa asilimia 4 hukosea mara 96 katika 100. Kinachokusudiwa ni hitilafu. Kiwango cha kimataifa ISO 6789, ambacho toleo lake la 2017 lina sehemu mbili, kinataka spana za kualika zenye kikomo kinachozidi nyutoni-mita 10 zisiwe na hitilafu inayopita asilimia 4, juu au chini. Kwa hiyo anayelenga 103 hupata kati ya 99 na 107, na hilo ni zuri. Iandikwe basi: hitilafu isiyozidi asilimia 4. Tena iandikwe kwamba spana hizi hupimwa kuanzia asilimia 20 ya kikomo chake. Spana inayofika nyutoni-mita 200 haina ahadi yoyote chini ya 40, na mtu asiitumie kwa plagi ambayo huenda ikahitaji 18 tu. Hii ndiyo sababu mwenye gari anayefanya kazi zote hizo hujikuta anahitaji spana mbili, moja ya mraba wa inchi 1/2 kwa magurudumu na nyingine ndogo kwa injini. Karatasi inauita mraba huo “gari la nusu inchi”. Tunapita.

Kwa kurudisha chombo katika kipimo chake cha haki baada ya miezi 12 au matumizi 5,000, karatasi inasema “ukarabati”. Neno linalofaa lipo, nalo hutumika katika shughuli za viwango nchini Tanzania: ugezi. Chombo kinachofanyiwa ukarabati kimeharibika. Kinachofanyiwa ugezi ni kizima, ila kinaulizwa kama bado kinasema kweli.

Limebaki suala la vizio, ambalo tungependa kamati inayohusika ilitolee uamuzi mapema. Karatasi inaandika “nyutoni kwa mita”. Katika Kiswahili cha hesabu, “kwa” ya namna hii huleta mgawanyo: kilomita 80 kwa saa, shilingi kadhaa kwa lita. Nyutoni kwa mita, basi, ni nyutoni zilizogawanywa kwa mita, ambacho ni kizio cha kitu kingine, kama ugumu wa springi. Torki ni zao, si mgawanyo, nayo iandikwe nyutoni-mita. Kizio cha Kiingereza twaweza kukiita futi-ratili, kwa kuwa “paundi” limezoewa zaidi kwa fedha. Mwenye spana yenye mistari miwili ya vipimo akiweka 103 katika mstari wa futi-ratili atakuwa ametia nyutoni-mita 140 bila kujua, na mstari huo mara nyingi ndio uliochorwa kwa rangi inayoonekana zaidi.

Cha tatu ni kile cha magari ya Japani, ambayo yamejaa barabarani kwetu na ambayo vitabu vyake vya zamani hupima kwa uzito wa kilogramu katika mita au katika sentimita. Fundi husema kwa mkato “kaza kilo 10 na nusu”, naye husema sawa, kwa maana ndizo zile nyutoni-mita 103, au futi-ratili 76. Mkato huo ukiachwa hivyo, mwenye gari atazungusha spana yake ya nyutoni-mita hadi 10 na nusu, naye ataondoka na magurudumu yaliyolegea. Ukikamilishwa kwa pupa utakuwa “kilo-mita”, neno ambalo kila Mswahili atalisoma kuwa umbali wa kwenda mahali. Tunapendekeza iandikwe kilogramu-mita kwa urefu wake wote, na fundi aendelee kusema kilo, mradi karatasi iliyo mkononi mwa mteja iandike vipimo vyote vitatu katika mstari mmoja: 103, 76, 10.5, kila kimoja na jina la kizio chake.